Kapu la Maswali la Marsiana

Hebu mwone akifika. Gari jeupe la utafiti limesimama kando ya barabara ya vumbi, katika kijiji kimoja cha Biharamulo. Mlango wa nyuma unafunguka, na kabla ya mguu wa mtu kutoka, linatoka kapu: kapu la duara lililosukwa kwa nyasi, lenye kifuniko kilichochongoka kama paa la msonge. Nyuma yake unafuata mkono ulioshika kapu, kisha buti la mpira, na mwisho mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, kitenge cha kijani kiunoni, akijinyoosha mgongo kama mtu aliyekaa kitako tangu Ngara. Na kweli amekaa kitako tangu Ngara.

Huyo ni Marsiana. Kwao Ntobeye, huko Ngara, wanamwita Mama Derick, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni mhudumu wa afya wa kijiji. Ndiye anayejua mjamzito yupi hajaenda kliniki, chandarua cha nani kimegeuka uzio wa vifaranga, na mzee yupi huapa kwamba amemeza dawa kumbe amezificha chini ya mkeka. Shule aliishia darasa la saba, lakini milima ya Ntobeye ameisoma kwa miguu mpaka anajua mbwa wa kila nyumba kwa tabia.

Watu wa Biharamulo wanalitazama kapu. Wanataka kujua lina nini ndani, na nadhani na wewe unataka. Kaa nami kidogo. Itabidi kwanza turudi Ntobeye, maana kapu hili lina safari yake.

Miaka sita nyuma walikuja watafiti fulani. Marsiana alizunguka nao nyumba kwa nyumba, watu wakatoa vidole, vikatobolewa, damu ikapanda gari. Majirani wakamuuliza, "Majibu lini, Mama Derick?" Akasema yatakuja. Alisema kwa moyo mweupe, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Basi hayakuja. Ulipita msimu wa maharage, ukaja mwingine, ukapita. Mzee Anatoli, ambaye ana ua mkubwa kuliko wote pale mlimani na ulimi mrefu kuliko ua wake, akawa kila akimwona anauliza, "Damu yangu haijambo huko iliko? Imeshaanza shule?" Watu walicheka, naye Marsiana alicheka nao. Ila akifika nyumbani kicheko chenyewe kilikuwa kimeshabaki njiani.

Mwaka jana wakaja wengine, hawa wa taasisi ya taifa ya utafiti wa afya. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, Claudia, mwenyeji wa Mwanza, na dereva wao alikuwa Bulugu, Msukuma wa Biharamulo. Walikuwa wanachunguza kama dawa za malaria bado zinaviua vimelea sawasawa. Walihitaji matone ya damu kutoka nyumba sitini za kitongoji cha juu. Nani wa kuwaongoza? Mwenyekiti wa kijiji akamnyooshea kidole Marsiana.

Siku ya kwanza walipata nyumba tisa. Mlango huu uliwaambia wametoka shambani, wamechoka. Mlango ule ukasema mume hayupo, na miguu ya mume inaonekana vizuri kabisa kati ya migomba. Jioni Claudia alifungua daftari lake.

"Mama Marsiana, nyumba zisipofika arobaini, inabidi tukiache kitongoji hiki. Tutahamia mlima mwingine."

"Ikiwa hivyo," alisema Marsiana, "nyie mtahamia. Mimi nitabaki."

Claudia hakumwelewa siku ile. Lakini wewe unamwelewa. Mhudumu wa kijiji hana sindano wala cheti ukutani. Ana neno lake tu. Likikataliwa mara ya pili, hata akipita kuwaambia watu wapeleke watoto kwenye chanjo, nani atainuka?

Siku ya pili waliweka kituo uani kwa mzee Anatoli. Mzee hakutaka kutobolewa, lakini kumnyima mgeni kivuli hawezi. Waliliacha hapo boksi lao la buluu, lile la kubebea sampuli, lenye vifuko vya barafu ndani, wakaenda kugonga milango. Waliporudi saa sita mchana, Claudia alifungua boksi na kukuta maharage mabichi, maparachichi manane, na juu yake ndizi za kupika zilizopangwa vizuri kama mtoto kwenye mbeleko.

"Mama," alimwita mke wa mzee, Josefina, "barafu iko wapi?"

"Vile vifuko vya maji? Vilikuwa vinatoka jasho. Nimevianika."

Wote wakageuka. Kwenye ua, kati ya shati la mzee na gauni la kanisani, vifuko vya barafu vimeanikwa juani kwa mpangilio, maji yakitiririka.

Bulugu alicheka mpaka akaegemea gari. "Sisi Wasukuma tunaanika michembe ya viazi. Wahangaza kumbe mnaanika barafu."

"Cheka," alisema Josefina, "ila hili boksi limekaa kivulini kwangu tangu asubuhi. Mlitaka liondoke tupu? Watu wangenisemaje?"

Huko kwao ndivyo ilivyo. Chombo cha jirani kikiletwa na unga, kinarudi na maharage. Kikija na maharage, kinarudi na ndizi. Hata kama una parachichi moja tu, unaliweka. Kukirudisha kitupu ni kusema, mimi na wewe yameisha.

Claudia, maskini, alikuwa na kanuni zake. "Mama, asante sana, lakini haturuhusiwi kupokea zawadi. Na boksi hili sasa lazima lisafishwe upya."

Marsiana ndiye aliyekuwa anatafsiri. Alipolisema hilo kwa Kihangaza, Josefina akafunga mikono kifuani. Mzee Anatoli akajisogeza kwenye kigoda chake.

"Hawaruhusiwi kupokea," alisema taratibu. "Lakini damu walipokea. Mwulize huyo binti: wenzao walikuja na chombo kitupu, tukawajazia. Kimerudi na nini?"

Hapo Marsiana angeweza kulainisha maneno. Mkalimani ana nafasi hiyo, na nyingine ya kuikunja sentensi mpaka isichome. Hakuikunja. Aliyasema yote kwa Kiswahili kama yalivyo, kisha akaongeza lake: "Na mimi ndiye niliyewaambia yatarudi."

"Lakini hatukuwa sisi, mzee," alisema Claudia.

"Najua si nyinyi. Hata mvua ya mwaka huu si ile ya mwaka jana. Paa linalovuja ni lilelile."

Claudia alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nikisema safari hii majibu yatakuja, utaniamini?"

"Hapana, mwanangu," alijibu mzee kwa upole, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba chai imekwisha.

Marsiana aliondoka uani, akashuka kwake, na aliporudi alikuwa amelibeba lile kapu. Wanawake wote pale walilijua. Marehemu mama yake, Eustakia, aliingia nalo kwa mumewe likiwa na unga wa mtama, na tangu azikwe halijatoka ndani kwa Marsiana hata kwa kuazimwa harusini.

"Hili litakwenda nanyi Mwanza," alimwambia Claudia.

"Mama, sampuli haziwezi kukaa kwenye kapu."

"Sampuli zikae kwenye boksi lenu. Nyie mmekuja na maswali yenu, na sisi tunayo yetu. Kila nyumba itakayotoa damu itatia swali lake humu. Kwenda haliendi tupu, na kurudi halitarudi tupu."

Anatoli alilitazama kapu. "Mama Derick, ukilipoteza hilo usije kulia hapa uani kwangu."

"Nikilipoteza hili, mzee, usinisikilize tena, hata nikija kukwambia nyumba yako inaungua."

Mzee akamgeukia Claudia, "Andika. Damu ya zamani ilisema nini." Claudia akaandika kwa mkono wake, akakunja karatasi, akaitia kapuni. Anatoli akanyoosha kidole. "Hiki ndicho cha kufukulia mashimo ya maharage. Kitoboe kwa adabu."

Bulugu alikwenda mjini Ngara kutafuta barafu nyingine. Wakati anasubiriwa, Josefina alipika yale maharage na zile ndizi, akamwekea Claudia sahani mbele yake. Kula kwa mwenyeji si zawadi, ni adabu, na kanuni za taasisi hazikuwa na neno la kupinga hilo, au kama zilikuwa nalo Claudia hakulikumbuka siku ile. Watu wakaanza kusogea, wengine kwa harufu, wengine kwa kapu. Hadi siku ya nne zilikuwa nyumba hamsini na saba. Yule mume wa migombani alikuja mwenyewe, miguu imeoshwa.

Maswali nayo yalikuwa maswali. Mama mmoja: mwanangu analala kwenye chandarua, mbona anaugua kila maharage yakikaribia kuvunwa? Mwingine: damu yangu mkiiona, mnaiona na umri wangu? Ntirampeba, fundi matofali ambaye huonekana zaidi akiwa na kiu kuliko akiwa na kazi, aliuliza: mbu akinikuta nimekunywa pombe ya ndizi, naye hulewa?

Gari likaondoka. Kapu lilikaa kiti cha mbele, limefungwa mkanda. Marsiana alisimama mpaka vumbi likatulia.

Mwezi wa tatu ukapita, wa tano ukapita. Sokoni wakampokea kwa wimbo mpya. "Kapu limeolewa Mwanza," walimwambia. "Mahari umepokea, Mama Derick?" Mwezi wa sita alianza kupita njia ya chini, ile isiyopita kwa Anatoli, ingawa ina tope. Kila Jumapili baada ya misa alimpigia Claudia simu. Claudia alipokea kila mara. "Mama, kazi ya maabara bado haijaisha. Kapu liko juu ya kabati langu, naliona hapa." Ni hilo tu, lakini Marsiana alilala nalo wiki nzima.

Mwezi wa nane, siku ya Jumanne, Bulugu alipiga honi tangu bondeni.

Walikusanyika uani kwa Anatoli. Claudia alitoa karatasi kapuni moja moja, kila swali na jibu lake chini, akasoma kwa Kiswahili, na Marsiana akasoma kwa Kihangaza. Majibu ya siri ya kila nyumba yalikuwa kwenye bahasha zenye namba, kila mtu na yake. Yule mama aliambiwa kwamba maharage yakikaribia kuvunwa mtoto wake hushinda bondeni akilinda shamba hadi giza linapoingia, karibu na mashimo ya matofali yaliyojaa maji. Anaumwa na mbu kabla hata ya kukiona chandarua. Watu wote wakamgeukia Ntirampeba, mwenye mashimo.

"Nitayafukia," alisema Ntirampeba. "Jibu langu je?"

Claudia alilisoma bila kucheka. "Hatujui bado. Ni swali zuri."

Ntirampeba hajatembea kawaida tangu siku ile. Anatembea kama mwalimu mkuu, na anamwambia kila mtu kwamba swali lake limeishinda maabara.

Karatasi ya Anatoli ilikuwa ya mwisho. Claudia aliitafuta ile damu ya zamani miezi miwili mizima. Majibu yalikuwapo. Yaliandikwa kwenye ripoti ya Kiingereza, ikawekwa kabatini, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha mlimani. Aliwasomea ilichosema, kisha akasema, "Tunaomba radhi, mzee."

Mzee Anatoli alikitazama kidole chake. "Kumbe," alisema hatimaye, "damu yangu ilikuwa inasoma Kiingereza miaka yote hii." Halafu akamgeukia Marsiana mbele ya watu wote. "Mama Derick, ile njia ya chini ina tope. Pita hapa kwangu."

Sasa turudi Biharamulo tulikomwacha, kapu mkononi.

Claudia ndiye aliyemwomba aje, kwa sababu na hapa milango ilikuwa imefungwa. Marsiana anaamkia wazee, shikamoo huku na shikamoo kule, anaketi kwenye mkeka, anafunua kapu. Ndani mna maharage ya Josefina, na juu yake karatasi za Ntobeye, maswali na majibu. Mwanamke mmoja, Suzan, ambaye wenzake humsubiri aseme ndipo waseme, anasoma karatasi tatu bila kutabasamu. Ya nne ni ya Ntirampeba. Ya nne inamshinda, anacheka.

"Haya ni ya Wahangaza," anasema. "Sisi tukiwa na yetu?"

"Yaandikeni."

"Tutie humu kwenye kapu lako?"

"Hapana, mama. Hili limeshakwenda na kurudi. Na likipotea, atakayelia ni mimi, nyie mtanipa pole tu. Leteni chenu. Kile ambacho kisiporudi, mtawafuata hawa mpaka Mwanza kwa miguu."

Mwanamke mmoja anasukuma mbele ndoo ya plastiki. "Hiyo," anasema Suzan, "hata ikipotea utashukuru." Wanacheka wote, na Bulugu anacheka kuliko wote.

Kisha Suzan anainuka, anajipangusa vumbi, anaingia ndani kwake. Anakawia. Inasikika sauti ya sanduku likiburutwa, kifuniko kikifunguliwa, kimya, vitu vikihamishwa. Marsiana anasubiri mkekani, mkono juu ya kapu la mama yake.

Je, ungekuwa wewe ndiye Suzan, ungetoka mlangoni na chombo gani?