Insha ya Maziko ya Bibi

Mpaka leo nikiikumbuka ile insha damu inanichemka. Watu wa nyumbani kwangu wakiona nimeanza kuisimulia, kila mmoja hujitafutia kazi ya kufanya. Basi na waondoke, mimi nitaisema.

Nilikuwa darasa la sita katika shule ya kati huko Kilwa, enzi za Mwingereza, mtoto wa Kimatumbi niliyeshuka kutoka milima ya Kipatimu na sanduku langu la bati. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitoka mbali, kaskazini kabisa, na masharti yake yalibandikwa ukutani: usimame wima ukisoma, usidondoshe wino, kilugha chako ukiache bwenini, na insha iwe ya kweli tupu, jambo uliloliona kwa macho yako. Insha ndiyo iliyotupeleka darasa la saba. Aliyeshindwa alifunga virago akarudi kulima, na baba alikwisha kuniambia kwamba kwake hakuna kurudia mwaka.

Muhula wa mwisho tukapewa kichwa cha habari: Msiba Nyumbani Kwetu. Bibi, mama yake mama, alikuwa amefariki likizo iliyopita, nami nilikuwa nyumbani. Nikaandika nilichokiona. Mtani wake, mzee wa ukoo wenye utani na ukoo wetu, alifika makaburini akaingia shimoni kabla ya maiti, akajilaza humo. Akasema hatoki, bibi huyu mchoyo kamnyima ugoro miaka yote, sasa amnyime na kaburi tuone. Alitoka alipopewa kuku. Kisha tuliporudi nyumbani akajifunga kanga ya marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama alivyochechemea yeye, akimgombeza kila mtu kwa sauti ya bibi. Mama, ambaye tangu msiba uanze hakutia kitu kinywani, alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akalia vizuri, na jioni akala. Kazi ya mtani ni hiyo. Kwetu mtu akizikwa bila watani, husemwa kwamba hakuwa na watu.

Mwalimu aliniita mbele. "Umemdhihaki bibi yako mwenyewe," akasema, "tena kwa uongo wa kutunga." Nikamwambia ni kweli, mwalimu, niliona. Nikachapwa. Mwenzangu wa dawati, mtoto wa Kimwera kutoka Rondo, akasimama kusema hata kwao watani hufanya hivyo. Naye akachapwa, kwa kusema bila kuulizwa. Hebu fikiria, darasa zima la watoto wa kusini, kila mmoja kashazika na watani, na mgeni mmoja ndiye anayejua misiba yetu inakuwaje. Jeuri gani ile? Angalau angemuuliza mpishi wa shule, mtu wa huko huko.

Nikapewa sifuri, na nafasi moja ya kuandika upya "kwa adabu". Nikamwandikia alichokitaka: watu wameinamisha vichwa, kimya, machozi yanatiririka, upepo unavuma mitini. Upepo wenyewe sijui niliutoa wapi. Nikapata alama za juu kuliko wote, na insha yangu ikasomwa darasani kuwa mfano wa insha ya kweli. Nilikaa pale nimekunja ngumi chini ya dawati.

Nikaingia darasa la saba. Likizo ilipofika, baba, kwa kujivunia mwanawe, akaita ndugu na majirani waje wanisikilize. Nikasoma ile insha ya alama za juu. Mama alikuwa kando anapepeta mchele, na nilipomaliza wote wakasema mashallah isipokuwa yeye.

"Huyo aliyezikwa hivyo ni nani?" akauliza.

Nikamwambia ni bibi.

Akaweka ungo chini. "Mama yangu mimi? Hana hata mtani mmoja wa kumsindikiza?"

Nikamweleza kwamba ya kweli niliiandika kwanza, nikachapwa, na kwamba mwalimu ndivyo alivyotaka maziko yawe.

"Kwani mwalimu wako," akasema mama, "alikuja kumzika?"