Kapu la Melkizedek

Mume wangu Melkizedek ni mtu wa Machame; mnyime biashara umemnyima pumzi. Mwaka 2006 alifungua kafe ya intaneti hapa Karatu, kompyuta tano, zote zinaendeshwa na programu za bure. Alizisifia hizo programu mpaka masikio yakaniuma. "Mama Angel, zimetengenezwa na watu wa dunia nzima, na wenyewe wamesema: chukua, nakili, mpe na jirani!" Kwa kunogewa akaweka folda moja inayoonekana kwenye kompyuta zote, akaiita Kapu. Mwenye kitu aweke, anayekitaka achukue.

Haki ya nani, watu waliweka! Barua za kuomba kazi, picha za harusi, mahubiri, nyimbo. Siku moja Flaviana, mwimbaji wa kwaya ya Rhotia, akaja na CD iliyotoka studio Arusha, amtumie mchumba wake wimbo mmoja. Intaneti ikagoma. Akauacha kwenye Kapu ili aje autume kesho. Hiyo kesho madereva wa watalii walikuwa wameshaubeba, wanaupiga mpaka geti la Ngorongoro, na kwaya ilikuwa haijazindua hata kanda moja.

Mwalimu wa kwaya, Yohana, akatushtaki kwenye baraza la kata. Alitaka kafe ifungwe. Nililia, sifichi. Ile kafe ndiyo iliyokuwa inatulisha.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mzee Moloimet, Mmasai mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Melkizedek alivaa koti lake la harusi.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Mimi nina kapu tu. Kilichomo ni cha watu, na sijawahi kuchungulia."

"Tena aliyeweka ni Flaviana wao wenyewe!" nikadakia. Nikaambiwa ninyamaze.

Yohana akasimama. "Hao wa programu anazozisifia walisema chukueni. Sisi tulisema lini? Tumefanya mazoezi mwaka mzima, mzee wangu, watu wanatoka shambani na majembe begani."

Hapo alisema kweli, na nikamchukia kidogo kwa hilo.

Mzee Moloimet akasema, "Ng'ombe wa wizi akilala bomani kwako na hujui, huna kosa. Ukiiona chapa yake na bado ukamkamua, wewe na mwizi ni rika moja." Akamgeukia mume wangu. "Uliiona chapa?"

"Wimbo wenyewe sijawahi kuusikia, Mwenyekiti. Mungu shahidi."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Nikashusha pumzi, tumepona. Kisha akasema uimbwe, wazee wajue wanagombania nini.

Kwaya ikasimama. Ubeti wa kwanza ukapita salama. Wa pili nikaona kiatu cha Melkizedek kinapiga sakafu, nikamfinya paja. Wa tatu kuna mahali sauti ya nne inashuka peke yake, wengine wote kimya. Jamani, huyu mtu ameimba kwaya tangu hajaota meno ya pili! Akafumba macho, akashuka nayo mpaka chini kabisa, hakukosea hata neno. Alipofumbua macho, kila mtu alikuwa anamtazama.

"Huyu," alisema mzee Moloimet, "amekamua mpaka ndama amekosa."

Watu walicheka mpaka mtendaji wa kata akatoka nje. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Hukumu ikatoka: kafe isifungwe, wimbo ufutwe mbele ya wazee, na tangu siku hiyo, mwenye Kapu akiambiwa kitu ni cha mtu, akitoe siku hiyohiyo.

"Na adhabu?" Yohana akauliza.

Mzee akafikiri. "Siku ya uzinduzi akae benchi la mbele. Asiimbe."

Melkizedek aliomba wamtoze mbuzi. Wakakataa.

Jumapili ya uzinduzi kanisa la Rhotia lilijaa mpaka madirishani. Ulipofika wimbo wenyewe, mume wangu alishika benchi kwa mikono miwili, jasho linamtoka, midomo ameibana kama mtoto anayekataa dawa. Nilimwonea huruma ya kweli. Ubeti wa tatu ulipoanza sikuweza kuvumilia. Mimi sikuhukumiwa kitu, kwa hiyo nikaimba kwa niaba ya nyumba nzima, sauti ya pili, ubeti mzima, kwa moyo wote.

Mwalimu Yohana akageuka taratibu, mikono bado iko hewani, akanitazama. Wimbo ulikuwa ndio kwanza unazinduliwa.