Pita Ninapopita

Wifi yangu Lenah Nanyama hakuwa na ugomvi na mtu yeyote pale Misikhu. Ugomvi wake ulikuwa na magurudumu. Biashara yake ilikuwa kuku: anawanunua Lwakhakha mpakani, anawauza sokoni Misikhu, na safari zote hizo alizifanya kwa sura ya mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Bodaboda ya baiskeli aliipanda kwa ubavu, miguu pamoja, tayari kuruka.

Sababu naijua, kwa kuwa marehemu mumewe, Walubengo, alikuwa kaka yangu. Alikuwa dereva wa lori la tumbaku kutoka Malakisi. Asubuhi moja alimkuta Lenah akinyonyoa jogoo, akamwambia, "Hiyo firigisi niwekee. Narudi jioni." Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mtoto anayenyonya anajua. Lenah akaiweka. Kaka yangu aliletwa wiki iliyofuata ndani ya sanduku, kutoka kwenye teremko moja la barabara ya Nakuru. Tangu hapo kila firigisi iliyopikwa katika nyumba ile ilipewa paka. Paka huyo alinenepa mpaka akaona kukimbiza panya ni kujishushia hadhi.

Sasa mwaka wa 2006, binti yake wa pekee, Phelista, aliyekuwa mwalimu wa chekechea mjini Kitale, akaja nyumbani na habari za mchumba. Mkikuyu wa huko huko Kitale, jina lake Muturi. Kabila halikumsumbua Lenah. Alikuwa amewauzia Wakikuyu wa Kitale kuku kwa miaka mingi na kuwasifu kwamba hawaminyi kuku kifua kama wanaokagua godoro. Kilichomsumbua ni kazi.

"Anafanya nini huyo kijana?"

"Anaongoza watalii, Mama. Wanapanda pikipiki za magurudumu manne, anawapeleka kwa mashamba na misitu karibu na mlima."

"Halafu?"

"Halafu anawarudisha."

"Anawarudisha wapi?"

"Pale wametoka."

Lenah aliweka ungo chini. "Ati mtu mzima analipa, anazungushwa kwa vumbi, halafu anarudishwa pale alikuwa? Si angekaa tu hapo!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini nilikuwa nimemwona uso alipolisikia lile neno magurudumu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu alikuwa ameletewa nyoka mwenye miguu minne. Usiku ule aliniambia waziwazi, "Mama Mukhisa, mimi sitoi mtoto wangu kwa mwanaume wa magari. Hao wanajua kwenda tu."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kaka yetu mkubwa, Wangila, alisema wageni wa posa wangekuja mwisho wa mwezi, ila kama mama wa msichana hajakubali, yeye hatawafungulia mlango, wakae huko nje na soda zao. Phelista alilia siku nzima. Alilia vizuri pia, mpaka mama yake akaacha kupanga kuku ili amsikilize, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa wiki tatu.

"Sawa," Lenah akasema mwishowe. "Nitaenda niione hiyo kazi na macho yangu."

Nilimkumbusha mila. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawasemezani, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, kijana anatoka njiani kabisa mpaka mama apite. Huwezi ukaamka tu ukaenda kumtazama mkwe kazini kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Siendi kama mkwe," alinijibu. "Naenda kama mteja. Mteja haoni haya. Na wewe unakuja, utakuwa shahidi."

Phelista alikuwa amesema kwamba juu ya kitu kile mtu hukaa kama aliyepanda punda. Basi Lenah akavaa suruali ya marehemu kaka yangu, akaikunja chini, na juu yake akajifunga leso pana ya kumfika kwenye visigino. Mama mkwe kuonekana na suruali mbele ya mkwewe? Heri dunia iishe kwanza.

Shamba lenyewe lilikuwa mbele ya Endebess, mali ya mzee mmoja mstaafu, na pikipiki zake zilipangwa chini ya kibanda cha mabati, nono nono kama nguruwe. Muturi alikuwa akifuta moja kwa kitambaa. Alikuwa amewahi kumwona Lenah mara moja tu, kwa mbali, sokoni, Phelista akimwonyesha kwa kidole. Lakini alimtambua mara moja. Na kwa kuwa Phelista alikuwa amemkaririsha mila zetu kama aya za shule ya Jumapili, kijana alidondosha kitambaa, akaruka nyuma ya nguzo iliyokuwa nyembamba kuliko yeye, akaugeukia mkaratusi.

"Karibuni sana," akauambia mkaratusi.

Lenah alilipa kama mteja mwingine yeyote, akavaa helmeti juu ya kitambaa chake cha kichwa, na masomo yakaanza. Kwa vile kijana hakuweza kusema na mama mkwe, kazi ikaniangukia mimi.

"Shangazi, ambia mama hii kidude ya kidole gumba ndio moto. Abonyeze polepole."

"Mwambie nimesikia," akasema Lenah, ambaye angeweza kumgusa kwa fimbo.

"Shangazi, ambia mama breki ni hizi mbili. Na hii ya kando ni rivasi, ya kurudi nyuma."

"Mwambie nimeona."

"Shangazi, ambia mama asante kwa kuona."

Nilijisikia kama mkalimani wa mkutano wa injili. Kisha Muturi akainua kidole, bado ametazama mti. "Na hii ndio kubwa. Mimi niko mbele. Pale nimepita, apite hapo hapo. Hata akiona kando ni kuzuri, hapana. Pale nimepita tu, ndio nimrudishe mzima."

Lenah alitaka irudiwe. Ikarudiwa. Yeye ni mtu wa kushika jambo moja na kulishika kweli.

Tukaondoka, Muturi mbele, Lenah katikati, mimi mkiani juu ya pikipiki ya tatu. Mwanzoni wifi yangu alikwenda kwa mwendo ambao kuku wake wangempita. "Nyamaza wewe, hii kitu inaruka!" aliikemea pikipiki. Lakini mwenda pole hajikwai, na kabla ya kufika kwenye ngano, kidole gumba kilikuwa kimepata ujasiri. Leso ikaanza kupepea. Akawapungia ng'ombe mkono. Mlima Elgon ulikuwa umevua mawingu siku ile, nasi tukauendea moja kwa moja, na nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kaka yangu alipokuwa hai: Lenah akipiga vigelegele peke yake, bila harusi wala mtoto kuzaliwa. Niliona raha mpaka nikasahau ninaendesha.

Ndiyo maana pikipiki yangu ikazimika. Nilikuwa juu ya kilima kidogo, nikabonyeza kila kilichobonyezeka, ikakaa kimya. Muturi alipogeuka na kuona nimebaki, akafanya kama kiongozi mwema anavyofanya. Akarudi kunifuata.

Njia pale ilikuwa nyembamba, huku mahindi yaliyokomaa, huku ua wa mikaratusi. Na katikati ya njia ile, akiwa amenyoosha shingo, alikuja mama mkwe wake uso kwa uso.

Kutoka kilimani niliona yote. Muturi alifanya alivyofundishwa: alitoka njiani kumpisha mama. Aliingia kwenye mahindi.

Na Lenah akafanya alivyofundishwa. Pale amepita, akapita hapo hapo.

Muturi aligeuza shingo, akaona mama mkwe anamjia tena. Labda alidhani hajampisha vya kutosha. Akakata kushoto. Lenah akakata kushoto. Akakata kulia, Lenah kulia. Mahindi yalianguka mistari miwili miwili, leso imejaa upepo, na kadiri kijana alivyozidi kuheshimu ndivyo mama alivyozidi kutii. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini sikutegemea kuishi mpaka nimwone wifi yangu akimwinda mkwewe kwenye shamba la watu. Nikapiga kelele, "Mama Phelista, simama!" Nani angesikia, na helmeti masikioni?

Chini ya shamba lile palikuwa na kinamasi, mafunjo tele. Muturi alikijua, naye aliingia hata hivyo. Nadhani kati ya tope na kumzibia mama mkwe njia, aliona tope lina adabu zaidi. Nilisikia mshindo, kisha maji yakaruka juu ya mafunjo.

Nikaiacha pikipiki, nikakimbia ndani ya mahindi. Humo huoni hata pua yako. Niliyoyajua ya dakika zile niliyajua kwa masikio.

"Shangazi!" sauti ya Muturi. "Ambia mama asikuje!"

Hakuna aliyemwambia mama. Shangazi alikuwa amekwama kwenye bua. Kisha nikasikia kijana akisema, polepole, moja kwa moja:

"Mama. Simama hapo. Hapa ni kubaya. Funga breki zote mbili."

"Nimefunga," akajibu Lenah. "Na wewe utatoka aje?"

"Nitatoka tu."

"Tope iko wapi sasa?"

"Kwa mshipi."

"Na sasa?"

"...Imepita mshipi kidogo."

Nilijua anachofikiria Lenah. Mkono wake hauwezi kumshika mkwe, na kitu pekee kirefu alichokuwa nacho alikuwa amekivaa.

"Wewe kijana, angalia mlima."

"Mlima gani, Mama?"

"Iko mingapi hapa? Angalia huo mlima, na usigeuke mpaka nikuambie!"

Nilipochomoza kutoka kwenye mahindi, wifi yangu alikuwa amekaa juu ya pikipiki ndani ya suruali ya kaka yangu, mchana kweupe. Leso ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha mbele, na mwisho wake mwingine ulizungushwa kwapani mwa Muturi, ambaye alikuwa ametupa mgongo na kuutazama Mlima Elgon kama aliyeagizwa auchore.

"Rivasi ni ya kando, Mama," akauambia mlima.

"Najua. Nilisikia."

Akabonyeza. Magurudumu yakatupa matope mpaka mdomoni mwangu, yakakosa, yakashika, na kijana akaanza kutoka kinyumenyume, kidogo kidogo, kiatu kimoja kikabaki chini kama kodi. Alipofika kwenye nyasi kavu hakugeuka. Alilala vile vile, macho mlimani, akihema. Lenah alininyang'anya leso yangu, akajifunga, ndipo akasema, "Haya, geuka." Kisha akakumbuka. "Lakini usiniangalie."

Pikipiki ya Muturi ilibaki kwenye tope ikingoja trekta. Aliiwasha yangu, akatuongoza kwa miguu, kiatu kimoja, matope kifuani, na sisi nyuma yake kwa mwendo wa maziko. Kila baada ya hatua kadhaa aligeuza kichwa. Hakututazama usoni, la, adabu ilibaki pale pale. Alitazama magurudumu yetu, ya Lenah, kisha yangu, kisha akaendelea. Tulipofika kibandani hakukaa wala kunawa mpaka tulipokuwa tumeshuka na kila mmoja ameshika mkoba wake mkononi.

"Shangazi," akauambia mkaratusi, "ambia mama tumerudi wote."

Lenah alivua helmeti. Aliutazama ule mlima, akautazama mkoba wake. "Mwambie nimeona," akasema, na hakusema neno lingine mpaka Misikhu. Nilidhani mambo yameharibika. Nilimwonea Phelista huruma, nikajilaumu kwa kidole changu kizito kilichozima pikipiki.

Jumamosi ya wageni ilipofika, Wangila aliketi mlangoni na kuuliza jikoni kama afungue au asifungue. Lenah alikuwa akikoroga mchuzi. "Fungua," akasema, bila kueleza.

Wakaingia, Muturi katikati yao na viatu viwili vipya. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, ukuta mmoja tu katikati. Baada ya salamu na sala, Wangila akakohoa, akauliza lile swali la kila posa: "Na kijana anafanya kazi gani?"

Msemaji wao, mzee Ngari, alikuwa amejiandaa. Akaanza na utalii, akaenda kwenye uchumi wa taifa, akatupa Kiingereza kidogo, na Wangila akazidi kukunja uso. Lenah aliweka mwiko chini.

"Anarudisha watu," akasema kwa sauti, kupitia ukutani.

"Ati nini?" Wangila akauliza.

"Nimesema anarudisha watu, Wangila. Anawatoa na anawarudisha nyumbani. Hiyo ndio kazi yake."

Huyo Wangila ndiye aliyekwenda kulipokea lile sanduku la kaka yetu, nami nilikuwa naye. Nikainamia moto, nijifanye moshi umeniingia machoni.

Lenah alifunua sufuria. Akatafuta kwa mwiko mpaka chini, akaipata firigisi, akaiweka peke yake kwenye sahani ya maua, ile isiyotolewa kabatini.

"Mpelekee kijana," akaniambia.

Paka alisimama. Alinifuata mpaka mlangoni akilia kama aliyedhulumiwa shamba. Nilimsukuma kando kwa mguu, nikaingia na sahani.