Gari Jipya Kwenye Ghala la Mpunga

Niliiona namba ya mke wa rafiki yangu asubuhi, nikiwa hapa Shinyanga mjini nakunywa chai, na kabla sijaipokea nikakiweka kikombe chini. Yule mama hakuwa na kawaida ya kunipigia. Salamu zake zilinifikia kupitia simu ya mumewe, kwa kupiga kelele kutoka jikoni. "Shemeji," alisema, "mwenzako ametuacha." Akaongeza kwamba mazishi ni Samuye, kwao, na kwamba nisichelewe. Hivyo ndivyo nilivyopata habari za kifo cha rafiki yangu muuza magari wa Kahama. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii mnamjua bila kumjua, maana kila nilipoandika juu ya "jamaa yangu mmoja mkaidi" nilikuwa namsema yeye. Jina lake sitalitaja hata leo. Alishanionya kwamba siku nikimtaja gazetini nitawanunulia soda watu wote wa yadi yake, na sioni kwa nini nimvunjie mwiko sasa hivi, wakati hayupo wa kuja kudai soda yake.

Kwa watu wengi pale Kahama alikuwa muuza magari kama wengine. Wafanyabiashara wa mchele wa Kagongwa walinunua kwake vipikapu vilivyotumika, walimu walinunua vigari vidogo, na wakulima waliouza ng'ombe walikuja na ukoo mzima kukagua tairi. Lakini nyuma ya yadi palikuwa na ghala la zamani la mpunga, na ndani ya ghala hilo, kwa miaka ambayo mimi na yeye tulizeeka pamoja, lilikaa gari moja jipya la spoti. Lilikuwa la bluu iliyokoza, limelala chini kiasi kwamba paka wa ghalani alipita chini yake kwa shida. Lilitoka Dar es Salaam juu ya lori, likashushwa likiwa na nailoni kwenye viti, kwenye usukani, mpaka kwenye kanyagio. Nailoni hiyo haikubanduliwa. Huku kwetu, kama mjuavyo, nailoni ya gari jipya hubanduliwa na mwenye gari, kwa mkono wake, watu wakiona, na mwuzaji akithubutu kumtangulia basi ameuza kitu kilichokwisha kufunguliwa.

Mwenye gari alikuwepo. Alikuwa kijana mchimbaji wa huko Geita ambaye duara lake, yaani shimo lake la kuchimba, lilitema dhahabu. Likitema, kila mtu anakuwa shemeji yako. Wenzake waliopata walikimbilia Dar kununua magari, wakarudi na mapicha. Yeye alikuja Kahama, akaingia kwenye yadi ya rafiki yangu ambaye wakati huo alikuwa hajawahi kuuza chochote kipya zaidi ya vifuniko vya viti, akamwambia, "Mzee, mimi nataka la spoti, jipya, na nataka uniletee wewe. Baba yangu alinunua kwako pikipiki, hukumdanganya." Rafiki yangu alinisimulia kisa hicho mara nyingi mno, na kila akifika kwenye "uniletee wewe" alikuwa anasimama kidogo, anaangalia pembeni. Gari likaagizwa kwa fedha za yadi, kijana alipie likifika. Likiwa bado baharini, maji yakaingia kwenye lile duara. Wachimbaji wa Geita wanaelewa maana ya sentensi hiyo bila maelezo. Ninyi wengine jueni tu kwamba kijana aliyeingia yadini na viatu vya ngozi alirudi na kandambili. "Uza tu, mzee," alisema. "Mimi imekata." Rafiki yangu akamjibu, "Sijakuuliza kama imekata. Ukipata, utalikuta. Na utalikuta jipya."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu gari jipya lisilotembea linazeeka likiwa limesimama. Kwanza alikosea, tena kosa la watu wa kwetu hasa: aliliweka ghalani kwa kuwa ndilo jengo pekee lenye kivuli cha maana, akasahau kwamba panya wa ghala la mpunga hawahami kwa sababu mpunga umehama. Wakala nyaya. Siku hiyo nilimkuta amekaa sakafuni kando ya gari, kofia mkononi. Fundi aliletwa, paka akaletwa, na paka naye akapewa masharti: kwenye boneti haruhusiwi. Turubai alilikataa kwa sababu kwenye joto linatoa jasho na kuharibu rangi. Akachukua mashuka ya pamba ya mkewe, akampelekea fundi cherehani amshonee koti la gari. Breki ya mkono hakuivuta, isije ikang'ang'ania. Aliweka vigingi vya mbao kwenye tairi. Betri aliichaji, mafuta aliyabadilisha yasichachie kwenye tangi, na kila wiki alivua viatu, mkanda, saa na pete, akaingia, akaliwasha, akalisogeza mbele hatua chache na kulirudisha nyuma, ili tairi zisikae upande mmoja zikapata ubapa. Basi. Safari yake yote ilikuwa hiyo, kutoka ukuta huu kuelekea ukuta ule. Mkewe alikuwa anasema, "Shemeji, hilo gari linalala kwenye mashuka yangu, mimi nalalia kanga. Ukiandika, andika na hilo." Nimeandika, shemeji.

Siku moja nilikuwepo kijana alipofika. Alikuwa anatoka kwao akirudi Geita, na basi lilikuwa linangoja abiria, kwa hiyo alikuwa na muda mfupi. Suruali yake ilikuwa na lile vumbi la karasha, la mawe yaliyosagwa, ambalo halitoki hata ukifua mara ngapi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwenye gari." Hakuna aliyecheka. Rafiki yangu alimpelekea maji ya kunawa, kijana akanawa mpaka kwenye viwiko, akavua kandambili, akapewa ufunguo. Akalivua gari lile koti taratibu, akalikunja vizuri, akaingia, nailoni ikalia chini yake, akaliwasha. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Akazima. Alipotoka akauliza, "Panya?" Akajibiwa, "Hakuna." Akauliza, "Upepo wa tairi?" "Nimeupandisha, ukilichukua tutaupunguza." Wakanywa soda wamesimama, wakaongea habari za mvua, kijana akaondoka kuwahi basi lake. Nilibaki na hasira, nikamwambia rafiki yangu kwamba anachomfanyia yule kijana ni mateso, afadhali auze amalize, mtoto wa watu atafute maisha. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Wewe unafikiri anakuja kuangalia gari?" aliniuliza. "Huko Geita anaitwa kibarua wa watu. Hapa anaitwa mwenye gari. Sasa niuze, akija nimwite nani?"

Walikuja wenye fedha. Nakumbuka mmoja aliyetoka Chato na vijana wake, mtu mwenye sauti, akaliona gari mlango wa ghala ukiwa wazi, akataja bei ambayo hata mimi nisiye na gari ilinifanya nimeze mate. Rafiki yangu alimjibu maneno mawili: "Lina mwenyewe." Yule bwana akauliza mwenyewe yuko wapi. "Kazini," akajibiwa. Sokoni wakamcheka, wakasema mzee amechanganyikiwa, amefuga gari kama ng'ombe wa mahari. Aliwasikia, na alipenda kucheka kuliko wao, kwa hiyo akacheka nao, kisha akaenda kumfukuza paka kwenye boneti.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu simu ile. Ukanda wetu huu, kutoka Shinyanga mpaka Geita, ni ukanda wa watu wanaosubiri. Mtu anachimba akisubiri, analima akisubiri, anaoa akisema tutafanya sherehe nikipata. Na sisi tuliobaki nje ya shimo ni wepesi mno kumfuta mtu. Akipata tunampa nafasi ya mbele kanisani na msikitini, ikikata tunamsahau hata jina la baba yake. Nimeona wachimbaji wakikwepa miji yao wenyewe kwa aibu, wakishuka basi kituo cha mbali waingie kwa miguu. Rafiki yangu hakuwa mtakatifu. Alikuwa mbishi, alikuwa bahili wa sukari kwenye chai, na alipenda kunikatiza ninapozungumza. Lakini aliweka mahali pamoja duniani ambapo mtu mmoja aliyeanguka hakuwa ameanguka, na mahali hapo alipatunza kwa mashuka, vigingi na maji ya betri. Namkumbuka kwa hilo kiasi cha kuumwa. Ningetoa mengi nikatizwe naye mara moja tu.

Tulimzika Samuye, mchana, ardhi ikiwa kavu. Kijana alikuja kutoka Geita, akashika sepeto tangu mwanzo mpaka mwisho, akakataa kupokelewa. Matanga yalipoisha, mjane aliniomba nimsindikize Kahama kwa ajili ya mambo ya yadi, na kijana akaja nasi. Tulipofika aliuliza swali moja. "Mama, gari limesogezwa?" Mjane akamwambia, "Nani alisogeze, mwanangu? Wa kulisogeza tumetoka kumzika." Kisha akamkalisha kwenye benchi, akamwambia ukweli wake. Yadi inafungwa, watoto bado wanasoma, na mnunuzi amepatikana Mwanza, anakuja na lori kesho yake. "Mimi siwezi kukungojea kama alivyokungojea yeye," alisema, na machozi yakamtoka. "Nisamehe." Kijana alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema, "Uza, mama. Mimi mwenyewe nilimwambia auze." Kisha akaongeza, "Naomba tu nilitoe ghalani mimi."

Kesho yake alianza kazi mapema. Alilivua koti, akalikunja, akamrudishia mama mashuka yake. Akaondoa vigingi. Akapunguza upepo wa tairi mpaka kiwango cha barabarani, kama alivyokuwa ameambiwa kwamba siku moja watafanya. Mnunuzi alifika, mtu wa haraka, akazunguka gari, akaridhika, akaamuru lori lishushe mbao za kupandishia. Kijana akanawa, akavua kandambili, akaingia, nailoni ikalia. Alikuwa analielekeza kwenye mbao pale mjane aliponyanyua mkono.

"Subiri," alisema. "Lipeleke kwanza mpaka Kagongwa, ulirudishe."

Mnunuzi akaruka. "Mama, kilomita! Mimi nimenunua gari jipya!"

"Utalinunua nikishakukabidhi ufunguo," mjane alimjibu bila hata kugeuka. "Kwa sasa bado ni la marehemu. Na marehemu alisema lina mwenyewe. Nenda, mwanangu."

 Kijana akanyoosha mkono kwenye kiti cha pili, akaishika nailoni pembeni, akaibandua. Akabandua na ya usukani. Ya kiti alichokalia akaichana vipande akaitupa nje, na vijana wa yadi waliokuwa wamenyamaza kwa adabu ya msiba wakapiga makofi bila kutaka. Gari likatoka getini polepole, likaigusa lami, likasita. Halafu likaondoka. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje ile sauti. Ilipanda, ikapanda tena, ikapita stendi, ikawa mbali upande wa Kagongwa, na watu walisimama milangoni mwa maduka. Mjane alikuwa kando yangu, ameshika mashuka yake kifuani. "Kumbe linalia hivyo," alisema. "Miaka yote hii tumelala nalo boma moja, sikuwahi kuisikia sauti yake ya barabarani. Hata yeye hakuisikia." Hapo ndipo alipolia kilio ambacho kule makaburini hakukilia, nami nikalia naye.

Kijana aliporudi alizima, akakaa kidogo mikono yake ikiwa kwenye usukani, akatoka. Akachukua kitambaa akafuta vumbi kwenye tairi, zote nne, akampa mjane ufunguo kwa mikono miwili. "Wabeja, mayu," alimshukuru kwa Kisukuma. Mjane akampa mnunuzi ufunguo, na yule mtu wa haraka, nampa haki yake, hakusema tena neno la kilomita.

Rafiki yangu alinifundisha kitu ambacho sikukitaka alipokuwa hai: kumngojea mtu ni kazi ya mikono, inafanywa kila wiki, na anayeifanya huenda asiisikie sauti ya kile alichokitunza. Nimewahi kumwona kijana mara moja tangu hapo, kituo cha mabasi hapa Shinyanga, na kandambili zake. Nilimuuliza kama hupitia Kahama siku hizi. Akasema hapana, basi likifika pale yeye hashuki. Nikafikiri, nikakumbuka maji ya kunawa, koti la mashuka na soda za kunywa mmesimama, na kabla basi lake halijaondoka nikamwita kwa nguvu, watu wote wakageuka.

"Mwenye gari!"

Akasimama mlangoni mwa basi. "Naam, mzee," akaitika.