Usiseme Umepona

Mimi ni mtu wa kujisifu, na sioni haya. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, Wabelgiji walipofunga masanduku yao na kuondoka, hospitali yetu ya Uvira ilibaki bila daktari, na mimi ndiye niliyeshika kisu. Nilikuwa asista medikali. Cheo hicho walikitengeneza Wabelgiji wenyewe: unasoma miaka mingi, unafundishwa kupasua na kushona, halafu unaambiwa wewe si daktari. Sawa. Lakini mgonjwa anayelia na tumbo haulizi cheti. Nilipasua, nikashona, watu wakaamka na kuomba uji.

Kazi iliyonijaza kichwa zaidi ilikuwa ya vidonda vya miguu. Mtu wa bonde la Ruzizi hahitaji kuelezwa. Mkulima anajikata na jembe kwenye muundi, kidonda kinaoza, kinafunga kidogo, kinafunguka tena, miaka inapita. Anakifunga jani, anakipaka mawese, anakizoea kama mtu anavyozoea jirani mbaya. Halafu kingo zake zinaanza kuinuka, zinakuwa ngumu, na nyama inaota juu yake kama uyoga. Hapo si kidonda tena. Ni kansa, na ikiachwa inapanda hadi kwenye tezi za kinena, na kutoka hapo hakuna kisu kinachoifikia.

Kulikuwa na daktari mmoja mgeni, mpasuaji, aliyekuwa akivuka mpaka kutoka Usumbura, upande wa Burundi, mara kwa mara kutusaidia. Alikuwa mzee mpole, mwenye kupenda chai na kupenda ushahidi. Yeye alifundishwa kukata mguu wote, juu ya goti, kwa kila kansa ya namna hiyo. Mimi niliona kwamba kwa wale ambao haijapanda, inatosha kukata nyama mbaya kwa upana, kisha kuziba pengo kwa ngozi ya pajani. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana kufanya utafiti: wengine tuwakate mguu, wengine tuwakate nyama tu, wote tuwaambie warudi tuwaangalie, na muda ndio utakaoamua.

Muda ukaamua vibaya. Waliokatwa mguu walirudi, wazima, wanene, kwa sababu walihitaji magongo, na magongo yalichongwa na fundi wetu wa hospitali. Wale wa kwangu, wa ngozi ya pajani, hawakurudi, isipokuwa wachache waliobebwa kwenye machela, kidonda kimeoza upya au kansa imerudi. Kila niliyemwona alikuwa ameharibika. Wengine wote tuliwahesabu kuwa wamekufa majumbani.

"Tukate miguu," daktari akasema siku moja, kwa huruma, akiniangalia kama mtu aliyefiwa. Nilikubali. Nilikasirika wiki nzima, hata wauguzi wakanikwepa kwenye baraza, lakini nilikubali.

Ni katika wiki hiyohiyo ndipo shangazi yangu alipoletwa.

Shangazi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa mwanika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kuanzia asubuhi alikuwa juu ya mchanga wa moto, akiwatandaza, akiwageuza, akifukuza kunguru, akigombana na kila aliyepitisha kivuli chake juu yao. Ada yangu ya shule ilinuka samaki. Alikuwa na kidonda kwenye muundi tangu mimi mtoto, na alikuwa akinificha kidonda hicho, mimi mwenye kisu, mpaka mtoto wa jirani aliponiambia kwamba shangazi sasa anageuza samaki akiwa amekaa.

Nilifungua kile kitambaa mwenyewe. Usaha, harufu, na kwenye ukingo mmoja ule uyoga. Niligusa kinena chake, nikakuta tezi zimevimba. Nilitoka nje, nikanawa mikono, kisha nikarudi nikiwa na uso wa kazi.

"Shangazi, itabidi tukate mguu."

Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia nilipokojoa kitandani.

"Minye niko mwanamuke wa kusimama," akasema. "Ukikata muguu, ukate na kichwa. Utazika vyote siku moja, hautahangaika mara mbili."

"Usipokatwa utakufa."

"Basi nitakufa nikiwa nasimama. Weye umesoma mingi, tafuta ingine akili."

Hakuna mtu aliyewahi kunitukana kwa ufupi hivyo. Lakini aliniachia nafasi bila kujua, kwa sababu hata kama angekubali, nisingeweza kumpasua ndani ya ule usaha. Ilinibidi kwanza kuukausha. Tukaanza kumwosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na ile dawa ya zambarau, asubuhi na jioni, na kumchoma penisilini kidogo tuliyokuwa nayo. Tezi zikianza kunywea, maana yake zilivimba kwa sababu ya uchafu, si kansa. Zisiponywea, hata kukata mguu kusingemsaidia. Kila asubuhi nilipokwenda kumgusa kinena nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, na yeye alikuwa akilalamika kwamba vidole vyangu ni baridi.

Zikaanza kunywea. Nilifurahi kwa nusu siku, kisha nikakumbuka kwamba bado ushahidi unasema mguu ukatwe.

Asubuhi moja nilipita sokoni kununua ndizi, nikamwona mama mmoja muuza mawese, amesimama na bidoni kubwa, anammiminia mteja. Nilimfahamu kabla sijakumbuka kwa nini. Kitenge chake kilipopanda nikaona kiraka cha ngozi kwenye muundi, laini, kikavu, kizuri kuliko shati langu. Ilikuwa kazi ya mkono wangu! Nami nilikuwa nimemwandika miongoni mwa wafu.

"Mama!" nikapiga kelele soko zima likasikia. "Kumbe umepona!"

Aliangusha bidoni. Alishusha kitenge, akaruka mbele ya wateja wake, akanibana mdomo kwa kiganja chenye mawese.

"Nyamaza, munganga! Itasikia!"

"Nani atasikia?" nilisema ndani ya kiganja.

"Ile kintu! Weye ndiye uliitosha mu muguu yangu, sauti yako inaijua. Ukisema minye nimepona, itarudia."

"Na juu ya nini haukurudi ku hospitali? Nilikuambia urudi!"

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nirudi kufanya nini? Kuionyesha njia?"

Wanawake waliokuwa karibu walitikisa vichwa, wakinisikitikia. Mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba shule inaharibu watu. Nilisimama pale na mawese yakinitiririka kwenye kola, nikaona aibu, kisha nikaanza kucheka, kwa sababu desturi hiyo nilikulia ndani yake. Tulipougua surua, bibi alitulaza, akatunywesha, na tulipoinuka hakusema neno. Aliyepona haambiwi amepona, na hasa hamwendei aliyemtibu kujionyesha. Nilijua hivyo kabla ya kujua kusoma. Kisha nikaenda shule, nikarudi, nikawaambia watu wangu mwenyewe, "Mkipona, njooni mnionyeshe." Wakaitika kwa heshima, ndiyo munganga, na wakakaa kwao.

Daktari alipokuja nilimpokea kwenye ngazi.

"Tumekuwa tukihesabu walioharibika tu," nikamwambia. "Wa magongo wanarudi kwa ajili ya magongo. Wa kwangu, akirudi ujue ameshindwa. Akipona anajificha."

Aliweka kikombe chini. Sifa yake kubwa, na nitaisema mpaka nife, ni kwamba hakuwa mtu wa kung'ang'ania. Alinitazama, akatazama ile kola ya mawese ambayo mke wangu alishindwa kuitakasa, akasema, "Basi tuwafuate."

Tulichukua gari la hospitali tukapanda bonde. Tulianzia Runingu, tukaenda Nyakabere, tukafika Lubarika, na katikati tulisimama kila mahali nilipokumbuka mguu wa mtu. Nilimwekea daktari masharti. Hakuna kuuliza habari ya kidonda. Hakuna kupongeza. Tunasalimia, tunasifu mahindi, tunalalamikia mvua, na wakati huo macho yako chini. Mimi niliyaweza. Yeye alikuwa hovyo kabisa. Lubarika tulimkuta mzee mmoja analima mihogo, anakanyaga udongo kwa mguu uleule, kiraka kinang'aa kwa jasho. Daktari alifungua mikono yote miwili, mdomo umeanza kujipanga kusema jambo la furaha, nikamkanyaga kidole kwa kisigino.

"Mihogo mizuri," akasema kwa uchungu.

Mzee akashukuru. Alijua vizuri tulichokuja kuona. Alipoinama tena aligeuka kidogo, akauweka ule mguu upande wetu, akaendelea kulima.

Si wote. Nyakabere tulioneshwa kaburi, na mjane akatuletea viti tukakaa naye. Kwingine tulimkuta mtu ambaye kansa ilikuwa imemrudia naye hataki kusikia habari ya hospitali. Sitaki mtu aniambie kwamba nilipamba. Lakini wengi wao walikuwa wanatembea, wanalima, wanabeba. Wengi kuliko tulivyothubutu kufikiri. Uvira nako maneno yalishaenea kwamba munganga anazunguka bondeni akiangalia miguu ya wake za watu, na mke wangu aliniuliza mbele ya sahani ya ugali. Nilimweleza. Sidhani kama aliniamini yote.

"Bado ni hatari," daktari akasema tuliporudi. "Kwa huyu shangazi yako, ungefanya nini?"

"Nitakata nyama tu."

"Kisu utashika mwenyewe?"

"Nitashika mwenyewe."

Na nilikishika. Sindano ya mgongoni ilimfisha shangazi miguu, lakini mdomo ulibaki hai. Alilala pale nyuma ya shuka akilalamika kwamba harufu ya dawa zetu ni mbaya kuliko ya ndakala, na akamwuliza daktari mgeni kama kwao wanajua kuanika samaki. Nilikata kwa upana, kidole kizima nje ya ukingo mbaya, chini mpaka kwenye utando wa mfupa. Kisha nikaparua ngozi ya pajani, nyembamba kama ganda la kitunguu, nikaitandaza. Daktari alinishikia koleo mpaka fundo la mwisho.

Ngozi ilishika. Tulipofungua bendeji ilikuwa ya waridi, haina usaha. Lakini ngozi kushika ni jambo moja, na kansa kutorudi ni jambo lingine kabisa. Hilo linataka muda, na linataka macho. Shangazi alifunga vitu vyake, akashusha kitenge mpaka kwenye kifundo, akasema, "Asante kwa uji." Tangu siku hiyo sikuuona tena mguu ule.

Nilikuwa nikila kwake kila Jumapili! Nilikaa kwenye mkeka, mguu uko mbele yangu, na kitenge juu yake. Nilikuwa nikimwangalia anavyosimama, anavyoinama, kama anachechemea. Kama mikunjo ya uso ni ya jua au ya maumivu. Nikifungua mdomo tu, alikuwa ananijazia samaki kwenye sahani. Nililala na hofu hiyo na kuamka nayo, mimi ambaye watu wa mji mzima waliniona sina wasiwasi.

Kisha uasi ukafika. Sitausimulia hapa, kila nyumba ya Uvira ina wake. Nitasema tu kwamba mtu aliyevaa viatu na kujua Kifaransa hakuwa salama, na kwamba hospitali ilifungwa kwa milio ya risasi. Tuliondoka asubuhi, mimi, mke wangu, watoto na shangazi, kuelekea Burundi. Barabara ilikuwa na watu wenye silaha, kwa hiyo tulikwepa daraja na kuvuka mto Kavimvira kwa miguu, kwenye mawe.

Shangazi alitangulia. Alikuwa na mzigo kichwani na mjukuu mgongoni. Alipofika majini hakuwa na la kufanya: alikishika kitenge akakipandisha mpaka magotini, akaingia. Mimi nilikuwa nyuma yake, mtoto begani. Maji yalikuwa safi na jua limeshapanda. Nikauona ule mguu. Kiraka kilikuwa kizima toka ukingo mpaka ukingo, tambarare, kikavu, rangi ya paja lake. Hapakuwa na hata chembe iliyoinuka. Nyuma yetu mji ulikuwa unalia kwa bunduki, nami moyoni nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

Aligeuka, mzigo haukutikisika.

"Unaangalia nini?"

"Mawe, shangazi. Naogopa usiteleze."

"Angalia miguu yako."

Nikaangalia miguu yangu, machozi yakinidondokea mtoni, nikavuka.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alianika samaki upande ule wa ziwa, akagombana na kunguru wa Burundi, na kilichomchukua mwishowe ilikuwa homa ya siku chache katika uzee wake. Tulimzika na miguu yake yote miwili. Watu walipomaliza kuimba na kuanza kuteremka, nilisema nimesahau kofia, nikarudi peke yangu mpaka kwenye ule udongo mbichi. Nilichuchumaa. Hapakuwa na kitu tena cha kusikia, wala kiganja cha kunibana mdomo.

"Shangazi," nikasema kwa sauti yangu yote, "umepona."