Santuri Iliyofukuza Nyani

Enzi zetu, wenzangu mliovaa katambuga na kukimbia mchakamchaka kabla jua halijatoka, msichana akipenda muziki alipenda taarabu, au dansi la redioni. Mimi nilipenda kelele. Nasema kelele kwa sababu mama ndivyo alivyoiita, na wala sikuona tusi. Wajukuu wangu hapa Kwamndolwa wamenifundisha jina lake: hevi metali. Jina nimelipata uzeeni. Muziki wenyewe nilikuwa nao kabla sijavunja ungo.

Nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge, upande huu wa Korogwe. Baba alifanya kazi kwenye korona. Siyo ule ugonjwa wa juzi, jamani, msikimbie. Korona ni mashine ya kukamua majani ya mkonge zikabaki nyuzi tupu. Ilianza alfajiri. Inanguruma, inatafuna, inatapika nyuzi nyeupe kama mvi, na udongo unatetemeka mpaka vikombe vya mama vinagongana kichanjani. Maji yake yalinuka uchachu, ukiyakanyaga miguu inawasha siku nzima. Mtoto wa kambini alilala fofofo ndani ya kelele ile. Mashine ikizimika ndipo anaamka analia.

Kisha ukaja ujamaa, baba akaacha mkonge, tukahamia kijiji kipya kule Handeni, ng'ambo ya Kabuku. Sikisemi vibaya kijiji kile. Nyumba zilipangwa mstari, tulilima shamba moja, tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa mboga chungu ya mchunga na hakuna aliyelala njaa. Lakini kulikuwa kimya! Masikio yangu yalikonda.

Mjomba wangu Semboja, kaka yake mama, alibaki kulekule korona, fundi. Siku moja akaja kututembelea na gramafoni ya betri, ndogo kama sanduku la nguo za mtoto, na santuri moja tu. Mzungu fundi mitambo alikuwa anarudi kwao, akamwachia. Mjomba akaweka sindano. Magitaa yakaanza kunguruma, ngoma zikafuata zinaponda, halafu mtu akapiga ukelele kama amebanwa mkono kwenye mlango. Mama akashika kichwa. Mimi nikasimama.

"Mjomba," nikasema, "wameitia korona ndani ya sahani!"

Alicheka mpaka akakohoa. "Haya, kama umeisikia hivyo, ni yako. Na chombo chake."

Kwetu Wazigua, mjomba akishakupa kitu, baba yako anabaki kutazama. Baba akatazama.

Shida ilikuwa betri. Dukani hazikuwepo, na zikiwepo zimeshachukuliwa. Basi tulifanya kama mlivyofanya nyote: tulizianika juani, juu ya jiwe, kutwa kama mihogo. Jioni zinapata nguvu za nusu wimbo. Baada ya hapo zinachoka, santuri inazunguka polepole, magitaa yanazama, na yule mwimbaji sauti yake inashuka, inashuka, mpaka inakuwa ya jitu lililo chini ya kisima. Wenzangu walisema imeharibika. Mimi nilisubiri pale pale. Pale ndipo utamu ulipokuwa.

Majirani wakanishtaki. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sekibo, mtu mrefu asiyetabasamu, akanisimamisha mkutanoni.

"Ndugu wananchi," akasema, "mkoloni tumemfukuza. Sasa binti wa Athumani anamrudisha juu ya sahani?"

Watu wakacheka. Akatoa amri: Jumamosi, baada ya kazi ya shamba la kijiji, santuri ivunjwe mbele ya wote. Nikamtazama mama. Mama akasema, "Afadhali. Nimechoka kusikia mtu anachinjwa kila jioni." Sikulia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaishika ile sahani kifuani mpaka baridi yake ikaisha.

Alhamisi ikawa zamu ya nyumba yetu kuamia mahindi ya kijiji. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kufukuza nyani. Mama alishuka bondeni kuchuma mchunga, nikabaki kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, peke yangu na debe la kupiga. Gramafoni nilikuja nayo kwa siri, betri nimezianika tangu asubuhi. Nilitaka tuagane.

Wakaja. Nyani anamjua mwanamke, msidanganywe. Mwanamume akiinua jiwe anakimbia. Mwanamke akiinua, anautazama mkono wake, kisha anaendelea kumenya. Niligonga debe, hawakugeuka. Dume moja kubwa lilikuwa na mahindi mawili kwapani na la tatu mdomoni. Nikasema basi, kama ni kuagana, tuagane wote. Nikaweka sindano, nikafungua sauti mpaka mwisho.

Magitaa yalipolia, dume likasimama. Halikukimbia. Lilikaa linasikiliza kama mgeni aliyekaribishwa. Ndipo betri zikaanza kuchoka. Sauti ikashuka mpaka ile ya kisimani, nzito, ndefu, nami nikaifuata kwa koo langu, nanguruma, napondaponda debe. Sijui nyani walisikia nini humo. Chui, labda. Dume lilibweka mara moja, mahindi yakaanguka, na kundi zima likatimka, mama zao na watoto mgongoni, mpaka vumbi likabaki peke yake.

Nikageuka. Mzee Sekibo amesimama nyuma yangu na jembe begani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umefukuza wangapi?"

"Wote."

Akayatazama mahindi. Akaitazama gramafoni. "Hebu rudia."

"Betri zimechoka, mzee. Mpaka zianikwe."

Jumamosi watu walikusanyika kuona santuri inavyovunjwa. Mzee Sekibo akaiinua juu kwa mikono miwili. "Hii," akasema, "kuanzia leo ni zana ya kilimo. Atakayeivunja amehujumu mavuno." Kijiji kikanipatia betri mpya kabisa, wimbo ukaenda mbio, na nyani hawakuogopa hata kidogo, wakala. Tukarudia za kuanika. Nikapewa jina la Korona, nalo sijalivua mpaka leo. Mume wangu alipoleta posa nilimtumia salamu: nakuja na santuri yangu, kama hutaki baki kwenu. Akataka.

Gramafoni ilikufa zamani. Santuri ninayo, nimeifunga kwenye kanga. Juzi mjukuu wangu Zaina alisoma maandishi yake, akatafuta wiki nzima, akaupata wimbo kwenye simu. Akaupiga. Nikamwambia, "Siyo huu. Huu unakimbia."

"Bibi, ndio wenyewe! Hivi ndivyo walivyoupiga wenyewe."

Kumbe! Ule wa betri mpya nilishausahau; miaka yote hii nimependa wimbo uliojulikana na betri zetu tu. Zaina akabonyezabonyeza, akaupunguza mwendo, na sauti ikashuka taratibu, magitaa yakazama, jitu likarudi kisimani. Nikainuka na fimbo yangu nikanguruma nalo mpaka jirani akachungulia uani: "Bibi Korona, kwema?" Kwema sana.

Watoto wa leo wana nyimbo elfu mfukoni, na hawamwachi hata mwimbaji avute pumzi, washaruka kwenda nyingine. Hawajui kungoja jua liingie ndani ya betri ili usikie nusu wimbo. Mashine aliyofanyia kazi baba imeliwa na kutu. Pale kwenye dungu langu pana nyumba ya bati, na nyani wamehamia mbali.

Zaina akaniuliza, "Sasa bibi, upi ndio wa kweli, wao au wako?"

"Wao wanao wao," nikamwambia. "Huu ndio uliolinda mahindi."