Kioo cha Juu cha Gari la Kamanda

Swedi wa Baraka, mji wa kando ya ziwa, alikuwa mtu wa maswali, na wenye mitumbwi walimchoka kwa ajili hiyo. Kazi yake ilikuwa kuziba mitumbwi na maboti kwa pamba na lami. Ukimletea chombo kinachovuja, hakukigusa kwanza. Alikukalisha chini akaanza. Uligonga wapi? Maji yanaingia ukiwa umesimama au ukiwa unakwenda? Nani alikiziba kabla yangu, na aliweka nini? Unabeba watu au samaki wa ndagala? Mvuvi mmoja wa Ubwari alimwambia siku moja, "Papa Swedi, mi nimekuletea mutumbwi, sikuja kuposa binti yako." Swedi alicheka, kisha akaendelea na swali la tano. Mitumbwi aliyoiziba yeye haikuzama, na watu walijua.

Hayo ni maswali ya mitumbwi. Maswali mengine aliacha kuuliza mwaka wa themanini na mbili, baada ya yaliyompata jirani yake Useni.

Useni alikuwa fundi wa nyavu, mtu mpole asiyeweza kufukuza kuku. Lori la wanajeshi lilisimama mbele ya nyumba yake kutafuta maji ya rejeta, naye kwa adabu tu akamwuliza dereva, "Safari ya wapi, ndugu?" Basi. Wakasema anataka kujua jeshi linakwenda wapi ili awapelekee habari watu wa msituni, wale wapiganaji waliokuwa milimani kule Fizi. Alikaa ndani wiki tatu. Aliporudi hakuweza tena kufunga vidole vya mkono wa kulia, na mtu wa nyavu bila vidole ni nini? Kuanzia hapo Baraka nzima ikajifunza salamu fupi. Watu walisema ulimi uliponza kichwa, wakapita. Hata Zubeda, mke wa Swedi, mwanamke asiyeogopa mtu, alianza kumwambia mumewe kila asubuhi: uliza juu ya mbao zako tu, mengine uyaache yapite.

Sasa, mwaka uliofuata, kamanda wa kambi alikuwa na gari dogo jeusi lililoletwa kutoka Bujumbura. Juu ya paa lake lilikuwa na kioo. Watu wa Baraka hawakuwa wameona kitu kama hicho, gari lenye dirisha la kutazama mawingu. Kioo kikavunjika. Kilivunjikaje? Swedi hakuuliza, na mpaka anazeeka hakujua. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilikuwa zimeanza, maji yakawa yanaingia mpaka kwenye viti, na mkubwa mmoja wa chama alikuwa anakuja kutoka Bukavu baada ya siku mbili. Fundi wa magari aliyekuwepo mjini alikuwa amevuka ziwa kwenda Kigoma, na kila mtu alielewa kwa nini fundi wa magari anaweza kuvuka ziwa ghafla. Kamanda akasema: mtu anayezuia maji ya ziwa atashindwaje kuzuia maji ya mvua? Mleteni huyo wa mitumbwi.

Gari lililetwa ufukweni asubuhi na dereva wa kamanda. Alikuwa anaitwa Jacques. Kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina lingine, maana majina ya kizungu yalikwisha katazwa, lakini mkewe na majirani walimwita Jacques, kwa sauti ndogo. Nyuma ya gari alikuwa amekaa askari mmoja na bunduki yake. Askari akashuka, akajikalisha juu ya mtumbwi uliofunikwa, akaiweka bunduki magotini. Hakusalimu.

Jacques alitoa kioo kipya kilichofungwa ndani ya blanketi. "Papa Swedi," alisema, "hii kioo iko na mambo yake. Nataka nikuelezee mbele hujaanza."

Swedi alimtazama askari. Askari alikuwa anamtazama yeye. Swedi akamkumbuka Useni na vidole vyake.

"Ndugu Jacques," alisema, "usinielezee kitu. Kioo ni hii, tundu ni hii. Mi naziba. Mambo ya mukubwa ibaki kwa mukubwa."

"Si mambo ya mukubwa. Ni kioo tu. Iko na namna yake ya..."

"Nimekwisha sema. Kitu sikuambiwa, hakuna muntu ataniuliza."

Jacques naye aligeuza macho kidogo upande wa bunduki. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye mke na watoto wawili, na aliogopa vilevile. Alisema atarudi saa nane, mke wa kamanda amemtuma sokoni, akaondoka kwa miguu.

Swedi akabaki na gari na askari. Alipanda juu ya sanduku akachungulia lile tundu la paa, na palepale akaona mambo asiyoyaelewa. Kulikuwa na mifereji miwili ya chuma, mmoja kushoto na mmoja kulia, imepakwa mafuta mazito. Kwenye pembe nne kulikuwa na matundu madogo, kila moja sawa na ncha ya kidole cha mtoto. Kwenye mtumbwi, fundi angeshuka hapo hapo akamkalisha mwenye chombo. Hii mifereji ni ya nini? Mafuta haya aliyaweka nani, na kwa sababu gani? Matundu haya yalikuja na gari au yalitobolewa? Maji yakiingia, yanatokea wapi? Kioo hiki kinakaa tu, au kinafanya kazi nyingine? Hilo la mwisho lilimjia kabisa kwenye ulimi. Alilihisi pale. Akageuka, na yule askari akamwuliza kwa Lingala anatafuta nini.

"Eloko te," Swedi alijibu. Hakuna kitu.

Akafanya alichokijua. Kwa mtu wa mitumbwi, tundu ni adui. Alipangusa mafuta yote kwa kitambaa, akayaona ni uchafu. Alisokota pamba akaishindilia ndani ya matundu manne mpaka ikakaza, akaijaza mifereji kushoto na kulia, akaweka kioo na mpira wake, akazungushia lami ya moto kidogo kidogo. Mikono yake haikujua woga, kilichoogopa kilikuwa kichwa tu. Alisafisha kingo mpaka zikang'aa. Kusema haki, ilikuwa kazi nzuri. Akamwagia ndoo tatu za maji ya ziwa, na ndani halikuanguka tone.

Jacques aliporudi alizunguka gari mara mbili. Aliutazama ule mstari mweusi wa lami.

"Umeziba pande zote?"

"Pande zote nne."

"Na chini ya kioo?"

"Ndani na nje. Usiiguse mpaka kesho, lami ikauke."

Jacques alisimama pale na mkono wake ndani ya dirisha, karibu na kidude kidogo cheusi kilichokuwa juu ya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma. Vidole vilikifikia. Kisha akarudisha mkono, akasema asante sana Papa, akaendesha gari polepole mpaka kambini. Askari alikaa nyuma.

Siku ya mgeni, watu wote walitolewa nyumbani saa moja asubuhi wakapangwa kando ya barabara. Bamama wa chama walivaa vikwembe, vile vitenge vyenye picha ya rais, wakaimba na kucheza mpaka jasho likawatoka. Swedi alikuwa mstari wa pili pamoja na Zubeda. Gari jeusi lilikuja mbele, linang'aa, na jeep ya mgeni ilifuata nyuma. Hapo ndipo Baraka ilipojua kamanda alichotaka. Alitaka kusimama ndani ya gari, kichwa na kifua nje kupitia paa, apungie watu mkono kama wanavyopunga wakubwa wa Kinshasa. Kioo kile kilikuwa kinafunguka. Unabonyeza kidude, kinateleza kwenye reli zake, ile mifereji yenye mafuta.

Gari likapunguza mwendo. Kitu kikalia juu ya paa, sauti ya kusaga, kikanyamaza, kikalia tena. Harufu ya nyaya zinazoungua ikaja mpaka mstari wa pili. Kupitia kioo watu walimwona kamanda ameinuka nusu, kofia imegusa juu, anasukuma kwa kiganja. Aliinama, akajaribu tena. Nyuma jeep ya mgeni ilipiga honi. Hakuna aliyecheka. Bamama waliendelea kuimba na macho wakayatupa chini. Zubeda akamshika Swedi mkono chini ya kikwembe chake, watu wasione.

Askari walimfuata Swedi alasiri, wakampeleka kambini. Kamanda alikuwa nyuma ya meza, hakuwa hata na hasira usoni. Jacques alikuwa amesimama ukutani bila mkanda na bila viatu, na shavu moja limevimba.

"Fundi," kamanda alisema, "swali moja. Huyu dereva alikuambia kama kioo inafunguka?"

Swedi alijua jibu lina miguu miwili: mmoja ungemkanyaga yeye, mwingine ungemkanyaga Jacques. Aliona mlango, aliona uwanja nje ya mlango, aliona njia ya kwenda nyumbani kwake.

"Hapana, mon komanda. Hakuniambia."

Jacques aligeuza kichwa akamtazama.

"Basi enda," kamanda alisema.

Swedi akaenda. Zubeda alimpokea mlangoni, akamshukuru Mungu, akampa bugali na samaki wa mikeke, naye hakula. Siku mbili alizunguka ufukweni akijiambia kwamba hakusema uongo. Na kweli, tusidanganyane, hakusema uongo. Jacques hakumwambia. Mtu akizibwa mdomo, anaambiaje?

Siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, Adolphine, mke wa Jacques, alikuja uani kwake. Alikuwa amefunga kitenge cha kanisani.

"Papa Swedi, mi sikuja kugombana. Nauliza kitu moja. Jacques alisema nini siku ile alikuletea gari?"

Swedi alitazama chini. Zubeda, aliyekuwa anachochea moto, aliacha.

"Alianza kunielezea," Swedi alisema. "Mara mbili. Mi ndiye nilimukataza. Niliogopa yule soda na bunduki yake."

Adolphine hakulia. Alikifunga upya kitenge chake. "Basi twende ukabaambie vile," alisema. "Baliniambia juzi iko bado hapa kambini. Ukisema vile, labda batamurudisha."

"Tutaenda. Acha nioge."

Alioga. Akavaa shati lake la sikukuu ya Idi, akalivua, akavaa lingine. Adolphine alikuwa amekaa juu ya kinu. Zubeda akampa chai ambayo hakuinywa. Swedi alitafuta kadi ya chama, maana mtu haingii kambini bila kadi, akaipata ndani ya sanduku, akaisoma yote mpaka saini. Kisha akasema hajaviona viatu. Alitafuta nyuma ya mlango, akatafuta jikoni, akauliza kama kuna mtu aliyeviazima. Viatu vilikuwa chini ya kitanda, mahali vinapokaa siku zote, na alikwisha viona tangu mwanzo. Zubeda akaingia, akainama, akavitoa, akaviweka mbele yake bila kumtazama usoni.

Walifika kambini saa tatu imepita. Adolphine aliambiwa akae nje, juu ya mawe ya mlangoni. Swedi aliingizwa kwa ajida mmoja mnene, mwenye cheo pale kambini, aliyekuwa anakula karanga. Swedi alisema yote akiwa amesimama, bila kupumzika, kama mtu anayevuka maji ya baridi: kwamba dereva alitaka kumwambia, kwamba yeye alimkatiza, kwamba kosa la pamba na lami ni lake, na kama kuna wa kufungwa ni yeye. Alipomaliza, shati lilikuwa limelowa mgongoni.

Ajida alimaliza karanga zake.

"Nani alikuuliza hayo?"

"Hakuna, mon ajida."

"Basi rudi nyumbani kama raia, sitwayen. Yule dereva balimupakia kwenye lori ya Uvira leo, saa mbili. Kule mbele mi sijui batamupeleka wapi. Na wewe usirudie kuja kusema kitu muntu hakukuuliza."

Hawakumgusa. Alitoka na miguu yake miwili, askari wa mlangoni hata hakumtazama. Adolphine alisimama, akapangusa vumbi kwenye kitenge.

"Banasema nini?"

"Balimupeleka Uvira."

"Lini?"

"Leo asubui. Saa mbili."

Adolphine aliitazama barabara ya Uvira, ambako vumbi lilikwisha tulia zamani. Halafu akamtazama Swedi, kwanza usoni, kisha miguuni.

"Saa mbili," alisema, "ulikuwa unatafuta viatu."